Kabla ya Kusaini Fomu: Mwongozo kwa Mwanamume Anayetaka Kufanyiwa Upasuaji wa Kuzuia Mkojo

Mwanamume aliyeondolewa tezi dume kwa sababu ya saratani, akaishinda saratani, kisha akabaki anavuja mkojo kila akikohoa, akiinuka kitini au akibeba ndoo ya maji, huenda kwa daktari na ombi moja: "Nataka nikauke." Ni ombi la haki kabisa. Lakini ukiingia nalo chumba cha upasuaji bila kulipima na bila kulieleza, unaweza ukatoka na matokeo ambayo daktari anayahesabu kuwa mazuri na wewe ukayaona mabaya. Mwongozo huu ni wako wewe uliyeambiwa kwamba upasuaji unaweza kukusaidia, au unayeufikiria kimyakimya bila kumwambia mtu. Unahusu mambo ya kufanya sasa ili mwaka mmoja baadaye uweze kusema kwa moyo mweupe kwamba umeridhika.

Anza na matokeo ya utafiti mmoja mkubwa uliofanyika Uingereza, uitwao MASTER, uliotolewa mwaka 2021. Wanaume 380 waliokuwa wakivuja mkojo baada ya upasuaji wa tezi dume waligawanywa kwa bahati nasibu katika aina mbili za upasuaji, ambazo nitazieleza. Baada ya mwaka mmoja waliulizwa kama bado unawatoka mkojo wowote, hata tone. Katika kundi moja asilimia 87 walisema ndiyo. Katika kundi la pili asilimia 84. Ukiishia hapo utasema hawa watu wamepasuliwa bure. Lakini walipoulizwa kama wameridhika, walio wengi, katika makundi yote mawili, walisema wameridhika.

Hakuna mgongano hapo. Mtu aliyekuwa akilowanisha pedi nne au tano kwa siku, akikwepa harusi na misiba, akichagua suruali nyeusi tu, sasa anatokwa na matone machache akibeba kitu kizito. Maisha yamemrudia. Aliyetegemea kukauka kama alivyokuwa kijana wa miaka ishirini, yeye matone hayohayo yanamvunja moyo. Upasuaji ni uleule, vipimo ni vilevile, na wagonjwa wawili wana nyuso tofauti. Kinachowatofautisha mara nyingi ni yale waliyoelezwa, na waliyouliza, kabla ya kulazwa.

Jua kwanza mkojo unatoka kwa sababu gani

Si kila kuvuja kunatibiwa kwa upasuaji huu. Kuna kuvuja kunakotokana na msuli unaofunga njia ya mkojo kudhoofika au kuumia: unakohoa, unapiga chafya, unacheka, unainama kuvaa viatu, na mkojo unachuruzika. Huku ndiko upasuaji unakokulenga, na huwapata hasa walioondolewa tezi dume yote kwa saratani. Mara chache huwapata pia waliokwanguliwa au kutolewa tezi iliyovimba bila kuwa na saratani.

Kuna kuvuja kwa aina nyingine: haja inakujia ghafla, unakimbilia chooni na hufiki. Hapo kinachosumbua ni kibofu chenyewe, ambacho hujikaza kabla ya wakati. Dawa, kupunguza chai na kahawa, na kukizoesha kibofu kusubiri ndivyo vinavyosaidia. Na kuna kibofu kisichotoa mkojo wote, kikajaa hadi kufurika, labda kwa sababu kovu limeziba njia. Mtu wa namna hii njia yake ikifungwa zaidi ataumia.

Wengi wana aina mbili kwa pamoja, na hili ndilo linalowaangusha watu. Mwanamume anafanyiwa upasuaji, msuli unasaidiwa, kukohoa hakumsumbui tena, lakini ule mkojo wa ghafla uko palepale. Anasema upasuaji umeshindwa, kumbe ule wa ghafla haukuwa umeguswa. Kwa hiyo muulize daktari waziwazi: "Katika kuvuja kwangu, ni sehemu gani ambayo upasuaji huu utaiondoa, na ni sehemu gani itabaki?" Daktari anapaswa kukuona ukikohoa ukiwa umesimama, kupima mkojo uliobaki kibofuni baada ya kukojoa, kupima kama una maambukizi, na kuingiza kamera ndogo kwenye njia ya mkojo kuangalia makovu. Kama hayo hayajafanyika, usisaini.

Kwa Tanzania, mlango wa kuanzia ni kliniki ya magonjwa ya mfumo wa mkojo katika hospitali kubwa kama Muhimbili au KCMC ya Moshi. Kenya kuna Kenyatta, Uganda kuna Mulago. Usikubali kuishia kwa mtu anayekuuzia dawa ya chupa ya "kukaza mishipa".

Usikimbilie kisu, wala usingoje miaka

Baada ya tezi dume kuondolewa, wanaume wengi huendelea kupata nafuu wenyewe kwa miezi kadhaa. Mwongozo wa chama cha madaktari wa mkojo cha Marekani unasema upasuaji unaweza kufikiriwa kuanzia miezi sita kama kuvuja kunakera na mazoezi hayasaidii, na kwamba anayeendelea kukerwa baada ya mwaka mmoja apewe nafasi ya upasuaji. Katika kipindi hicho fanya mazoezi ya misuli ya sakafu ya nyonga. Kaza kana kwamba unazuia ushuzi na kuvuta uume ndani kwa wakati mmoja, bila kubana tumbo wala makalio wala pumzi. Shikilia kwa sekunde chache, legeza, rudia. Kisha jifunze kukaza kabla ya kukohoa au kuinuka. Usifanye mazoea ya kukata mkojo katikati ukiwa chooni.

Upande wa pili, nimewaonea huruma sana wazee waliokaa na hali hii miaka mitano, minane, kwa kuamini kwamba ni gharama ya kupona saratani na kwamba kulalamika ni kukosa shukrani. Si kukosa shukrani. Umepona ili uishi.

Pima, kisha andika unachokitaka

Maneno kama "unavuja sana" hayamsaidii daktari wala hayatakusaidia wewe baadaye kujua kama umepata nafuu. Chukua pedi kavu au nepi ya watu wazima, ambayo wengi tunaiita pampasi, uipime kwenye mizani ya jikoni. Ivae, na kila unapobadilisha iweke kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa. Baada ya saa 24 pima zote, toa uzito wa zilipokuwa kavu. Gramu moja ni kama mililita moja ya mkojo. Fanya hivyo kwa siku mbili au tatu za kawaida, siku unazotembea na kufanya kazi zako, si siku ya kulala kitandani. Kunywa maji kama kawaida. Anayejinyima maji ili aonekane nafuu anajidanganya, na mkojo mzito hukiudhi kibofu zaidi. Andika pia unakwenda chooni mara ngapi, na kama usiku unabaki mkavu.

Halafu andika mambo matatu unayotaka kuyafanya tena. Nasema andika, kwa kalamu, kwa sababu mambo ya moyoni hupotea mbele ya koti jeupe. Labda ni kupanda basi la Dar es Salaam hadi Mwanza bila kukaa na hofu. Labda ni kulima, au kumbeba mjukuu. Kwa Mwislamu, mara nyingi ni kusimama safu moja na wenzake msikitini Ijumaa bila kuwaza nguo zake. (Mafakihi wengi hutoa ruhusa kwa mwenye udhuru wa mkojo usiokatika: hutawadha kwa kila sala ya faradhi baada ya wakati wake kuingia, akajifunga vizuri akasali. Muulize shekhe wako. Usiache msikiti kwa sababu ya ugonjwa.) Mwonyeshe daktari karatasi hiyo na umwulize, moja baada ya jingine, lipi analiona linawezekana. Hapo ndipo neno "kufanikiwa" linapopata maana yenu wawili. Kwa madaktari wengi mgonjwa anayetumia pedi moja ya tahadhari kwa siku anahesabiwa amefanikiwa. Kama kwako pedi hiyo moja haivumiliki, ni lazima lijulikane mapema.

Utepe au kizuizi bandia

Utepe ni kipande cha wavu maalumu kinachopitishwa chini ya mrija wa mkojo, kupitia mkato mdogo kati ya korodani na njia ya haja kubwa, ili kuuinua na kuusogeza mahali pake. Hauna kitu cha kubonyeza. Unafaa zaidi kwa anayevuja kidogo au kiasi, ambaye msuli wake bado una nguvu kidogo na hakupigwa mionzi. Uzuri wake ni urahisi: ukiamka asubuhi huna la kukumbuka.

Kizuizi bandia ni kifaa chenye sehemu tatu zilizounganishwa kwa mirija myembamba na kujazwa maji: pete inayouzunguka na kuubana mrija wa mkojo, puto dogo lililofichwa ndani ya tumbo, na pampu iliyowekwa ndani ya mfuko wa korodani. Ukitaka kukojoa unabonyeza pampu kupitia ngozi, maji yanatoka kwenye pete kwenda kwenye puto, njia inafunguka. Baada ya dakika chache pete inajijaza yenyewe na kufunga tena. Si jambo la majaribio: kifaa cha kwanza cha namna hii kiliwekwa na Brantley Scott na wenzake huko Houston, Marekani, mwaka 1972, na kimeboreshwa tangu hapo. Ndicho kinachotegemewa zaidi kwa anayevuja sana au aliyepigwa mionzi. Katika ule utafiti wa Uingereza walioridhika walikuwa wengi zaidi upande wa kizuizi bandia, ingawa nao wengi walibaki na matone.

Lakini kifaa hiki kinataka mkono wenye nguvu na akili iliyotulia. Mwenye vidole vilivyokakamaa kwa baridi yabisi, aliyepata kiharusi, au anayeanza kusahau sana, aombe ajaribishwe kwanza kubonyeza pampu ya mfano. Kama mkeo au mwanao ndiye atakayekusaidia kila mara, lijadilini sasa. Si jambo la kushtukiza nyumbani baada ya wiki sita.

Ushauri wangu, na hapa nasema ninavyoamini: usichague utepe kwa sababu tu unaogopa kuwa na kifaa mwilini. Mwanamume anayevuja sana aliyewekewa utepe kwa kuogopa pampu mara nyingi hurudi kutafuta upasuaji wa pili, akiwa amepoteza fedha na imani. Na anayevuja kidogo hana sababu ya kujibebesha mashine.

Muulize daktari amefanya upasuaji huu mara ngapi, na je, akiwa hayupo nani mwingine hospitalini anakijua kifaa? Swali hili ni zito zaidi kwa wanaokwenda kutibiwa India na kwingineko nje. Upasuaji utafanyika vizuri, utarudi nyumbani, halafu siku ya tatizo uko Tabora au Kisumu. Kabla ya kusafiri tafuta daktari bingwa wa mkojo wa hapa nchini atakayekubali kukufuatilia, na rudi na karatasi zenye jina la kifaa, ukubwa wa pete na tarehe. Uliza pia bei ya kifaa, bei ya kukirekebisha, na kama bima yako inakubali yote mawili au moja tu.

Wiki sita za kwanza

Kabla ya siku yenyewe, shusha sukari kama una kisukari, tibu maambukizi ya mkojo, na ponya vipele na michubuko ya mapajani inayoletwa na unyevu. Ngozi yenye vidonda ni njia ya vijidudu kufika kwenye kifaa, na kifaa kikiambukizwa kwa kawaida hutolewa chote. Daktari akiahirisha upasuaji kwa sababu ya vipele usikasirike; anakulinda.

Wengi hukata tamaa siku ya kwanza nyumbani kwa sababu hawakuelezwa jambo hili: kizuizi bandia huachwa kikiwa kimezimwa kwa wiki nne hadi sita ili vidonda vipone. Katika muda huo utavuja kama mwanzo. Nunua pedi za kutosha. Siku ya kukiwasha utafundishwa kubonyeza. Rudia mbele ya muuguzi mpaka mkono wako uelewe, na usione haya kuomba urudie tena.

Kwa aliyewekewa utepe, hatari ni kuusogeza kabla mwili haujaushika. Kwa wiki sita au zaidi, kadiri daktari wako atakavyosema, usibebe gunia, usishike jembe, usipande ngazi kwa kurukaruka, na usichuchumae. Hapa kuna jambo la kwetu la kuangalia: vyoo vyetu vingi ni vya kuchuchumaa. Kama nyumbani kwako ni hivyo, tengeneza mapema kiti cha mbao au cha plastiki chenye tundu, ukiweke juu ya choo. Kinagharimu kidogo mno ukilinganisha na upasuaji uliofanyiwa. Kula mapapai, mboga na maharage, unywe maji, ili usijikamue kwa kukosa choo.

Baiskeli na bodaboda nazo ziache kwa muda huo, kwa aina zote mbili za upasuaji. Kiti chembamba kinakandamiza palepale palipofanyiwa kazi. Mwenye kizuizi bandia anayeishi kwa kuendesha baiskeli au pikipiki amweleze daktari tangu mwanzo, kwa sababu jambo hilo haliishii kwenye wiki sita. Atahitaji kiti kipana chenye upenyo katikati, au kazi nyingine.

Rudi hospitali siku hiyohiyo ukipata homa, usaha, wekundu unaoongezeka, damu kwenye mkojo, maumivu yanayozidi badala ya kupungua, ngozi iliyoshikamana na pampu, au ukishindwa kabisa kukojoa.

Ndani ya nyumba

Upasuaji huu haurudishi nguvu za kiume. Mishipa ya fahamu ya kusimamisha uume iliyoumia wakati wa kuondoa tezi dume haiguswi hapa. Kama unatazamia hilo kimoyomoyo, litaje, kwa sababu lina matibabu yake. Wapo pia wanaotokwa na mkojo wakati wa kufika kileleni. Kuzuia mkojo kwa upasuaji mara nyingi hupunguza hilo, na kukojoa kabla ya tendo husaidia. Tendo lenyewe lisubiri mpaka daktari aruhusu.

Mwende na mkeo kwenye kliniki angalau mara moja. Mwanamke ambaye kwa miaka miwili ameona mumewe akihamia kitanda kingine bila maelezo anaweza kuwa amejitungia sababu zake, na nyingi si za kweli. Akisikia kwa daktari, mzigo unapungua kwa wote wawili.

Miaka inayofuata

Hakuna kifaa cha milele. Kwa kizuizi bandia, takriban robo ya vifaa huwa vimepata hitilafu ndani ya miaka mitano, na karibu nusu ndani ya miaka kumi. Wakati mwingine maji yanavuja ndani ya kifaa, wakati mwingine mrija wa mkojo unanywea chini ya pete na pete ikalegea, wakati mwingine pete inaula mrija. Mionzi huongeza hatari hiyo. Mwanamume aliyejua haya tangu mwanzo hurudi kufanyiwa marekebisho kama anayepeleka gari gereji. Asiyejua huona ameibiwa.

Kwa hiyo ukiona pedi zimeanza kulowa tena baada ya miaka ya ukavu, usijifiche. Pima uzito wake kwa saa 24 kama ulivyofanya mwanzoni, chukua karatasi ya zamani na mpya, nenda. Tofauti kati ya namba hizo mbili itamwambia daktari mengi kuliko maelezo ya nusu saa. Fanya hivyohivyo miezi mitatu baada ya kuwashiwa kifaa, na mwaka mmoja baadaye, ukiwa na ile orodha ya mambo matatu uliyotaka kuyafanya. Kama mawili unayafanya na la tatu bado, mwambie daktari ni lipi. Mara nyingi kuna la kurekebisha: pampu isiyobonyezwa sawasawa, kibofu kinachojikaza, chai nyingi ya jioni.

Na kuna jambo la mwisho kwa mwenye kizuizi bandia, ambalo wakwe, watoto na majirani walijue pia. Ukipata ajali au ukalazwa kwa ugonjwa mwingine, mtu mwema ataona umeshindwa kukojoa na ataingiza mpira wa mkojo kwa nguvu kupitia pete iliyofungwa. Hilo linaweza kuchana mrija na kuharibu kila kitu. Kata kadi ngumu, uiweke kwenye pochi pamoja na kitambulisho na kadi ya bima, na nakala nyingine mpe mtu wa nyumbani. Iandikwe kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, pamoja na namba ya daktari wako: "Nina kizuizi bandia cha mkojo. Pampu iko kwenye mfuko wa korodani. Usiingize mpira wa mkojo kabla pete haijafunguliwa na kifaa kuzimwa. Mwite daktari bingwa wa mkojo."